Mbwa Amwonapo Mbuzi, Aona Nini?

Ndugu msomaji, nakuuliza neno moja dogo. Mbwa wako akimtazama mbuzi, je, aona nini? Aona nyama? Aona mwenzake? Aona mali ya bwana wake impasayo kuilinda? Au haoni lolote, bali ampita tu kama apitavyo kando ya jiwe?

Huenda utacheka, useme, “Swali gani hili la kuandikwa gazetini?” Lakini wewe uliye mfugaji, au uliye na mzee nyumbani anayetegemea mbuzi wake kumi kwa ada ya wajukuu, wajua kwamba si jambo la kuchekesha. Jibu lake ndilo linaloamua kama asubuhi utahesabu mbuzi kumi au tisa. Na kama yule wa kumi ameliwa na fisi wa porini, au na mbwa wa jirani yako. Fisi hatuna kesi naye. Lakini jirani twakaa naye benchi moja kanisani.

Mimi nimechunga mbuzi tangu utoto wangu, huku Singida, na sijapata kukaa mwaka mzima bila mbwa. Hata sasa katika uzee wangu hupenda kusoma kila nipatacho juu ya mbwa wa mifugo. Leo nataka nikusimulie machache niliyoyasoma na machache niliyoyaona kwa macho yangu. Neno lenyewe ni hili: mbwa hazaliwi akijua nani ni ndugu yake na nani ni kitoweo chake. Hilo hujifunza, tena hujifunza mapema sana, katika majuma machache ambayo wengi wetu hatumwangalii kabisa.

Macho yake na pua yake

Kwanza tuvijue vyombo alivyopewa na Muumba. Mbwa haoni rangi kama sisi. Buluu na manjano azitambua, lakini nyekundu na kijani humchanganya. Shuka jekundu la mchungaji katikati ya majani mabichi, ambalo wewe waliona toka mbali, yeye halimshtui. Wala kitu kidogo kilichotulia mbali hakioni vizuri. Lakini macho yake yamekaa kando kuliko yetu, hata akitazama mbele aona pande zote mbili kwa upana kutupita sisi. Na kitu kikitikisika tu, hata wakati wa magharibi, jicho lake limekwisha kukikamata. Juu ya hayo ana pua, ambayo kwayo huwajua wanyama na watu hata gizani. Kwake yeye harufu ya zizi lenu na harufu ya zizi la jirani ni vitu viwili mbalimbali.

Lishike sana hilo la kutikisika. Mbuzi aliyesimama akila majani hamsumbui mbwa. Mbuzi yule yule akishtuka na kukimbia, ndipo kitu cha kale huamka ndani ya mbwa. Kitu hicho ni uwindaji.

Mwindaji aliyekatizwa njiani

Mbwa wote wa nyumbani ni uzao wa mbwa mwitu. Sisemi yule wa mbuga zetu mwenye mabaka, ambaye ni wa jamii nyingine, bali yule wa Ulaya na Asia, ndiye anayetajwa katika Injili pale mchungaji wa mshahara anapoliacha kundi na kukimbia. Mnyama huyo awindapo hufuata hatua zake kwa utaratibu: huangaza, hukaza macho, hunyatia, hufukuza, hukamata, huua, kisha hula. Bwana Raymond Coppinger na mkewe Lorna, Wamarekani waliowachunguza mbwa wa mifugo tangu miaka ya 1970, walieleza kwamba wanadamu, kwa kuchagua mbwa wazazi kizazi baada ya kizazi, wamezikuza baadhi ya hatua hizo na kuzififisha nyingine.

Chukua mfano wa mbwa aitwaye Border Collie, wa vilima vya mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Yamkini umepata kumwona katika picha: mweusi na mweupe, anyemelea kondoo huku tumbo likikaribia kugusa majani, na macho yake hayapepesi. Watu wa huko humpenda sana. Mwaka 1873 walifanya mashindano ya mbwa wachungaji mjini Bala, huko Wales, na mwaka 1906 ukaundwa umoja wa wenye mbwa hao. Mwaka 1893, katika jimbo la Northumberland, alizaliwa mbwa wa Bwana Adam Telfer aliyeitwa Old Hemp. Siku zile mbwa wengi walifanya kazi kwa makelele na kuuma. Huyu alifanya kazi kimya, kwa jicho tu, na kondoo wakamtii. Wachungaji wakamtaka awazalishe majike yao, hata leo Border Collie wengi sana ni uzao wake.

Sasa, mbwa wa namna hii amwonapo kondoo aona nini? Hakika aona windo. Hatua za mwanzo za mwindaji anazo zote: huangaza, hukaza macho, hunyatia, hufukuza kidogo. Lakini hatua za mwisho, yaani kukamata na kuua, zimefifishwa katika damu yake, na mafunzo ya bwana wake yamezifungia mlango. Ni mwindaji aliyekatizwa njiani. Na kondoo naye, amwonapo yule mbwa akimkodolea macho, aona mbwa mwitu, hata hujibana na wenzake na kusogea. Kazi yote hiyo imejengwa juu ya hofu iliyopimwa vizuri: mbwa akisogea mno, kundi hutawanyika, akikaa mbali mno, halijali.

Mwaka 2014 wataalamu waliofunga vyombo vya kuonyesha mahali migongoni mwa kondoo na mbwa walitangaza kwamba mwendo wa mbwa huyo waweza kuelezwa kwa kanuni mbili tu. Kundi likitawanyika, nenda ukalikusanye. Likiisha kukusanyika, lisukume mbele. Ni kazi ya akili na ya ajabu kuitazama. Lakini fahamu kwamba yote hayo hufanyika mchungaji akiwapo na filimbi yake. Hakuna mtu mwenye busara afungiaye mbwa wa namna hiyo usiku kucha zizini pamoja na wana-kondoo.

Mbwa aliyenyonya kondoo

Lakini yuko mbwa wa namna ya pili, naye ndiye atufaaye zaidi sisi tuishio jirani na fisi na chui. Huyu hawaswagi mifugo. Huishi nao.

Mwaka 1833 kijana mmoja Mwingereza wa miaka 24, Charles Darwin, alikuwa akisafiri katika nchi ambayo leo huitwa Uruguai. Akapanda farasi kupita mbugani, akashangaa kukuta makundi makubwa ya kondoo, mbali na nyumba yoyote, yakilindwa na mbwa mmoja au wawili tu bila mtu. Akauliza urafiki huo umepatikanaje. Wenyeji wakamweleza. Mtoto wa mbwa huondolewa kwa mama yake angali mdogo sana. Kondoo jike hushikwa mara tatu au nne kwa siku ili mtoto huyo anyonye, naye hutandikiwa sufu ndani ya zizi. Haruhusiwi kucheza na mbwa wengine, wala na watoto wa nyumba. Kwa kawaida huhasiwa pia, hivyo akikua hana haja ya kwenda kuwatafuta mbwa wenziwe.

Darwin akaeleza jambo la kufurahisha. Kila siku mbwa yule huja nyumbani kuchukua kipande chake cha nyama, na akiisha kupewa huondoka upesi kama mwenye aibu. Mbwa wa nyumbani humwonea, humfukuza njia nzima. Lakini afikapo tu kwenye kondoo wake, hugeuka na kubweka, na wale mbwa wote hurudi mbio! Mbwa ni yule yule. Ila akiwa peke yake ni mgeni. Akiwa kati ya kondoo yuko kwao.

Basi huyu amwonapo kondoo aona nini? Aona ndugu. Hamkodolei macho. Humwendea polepole, kichwa kimeinama, macho yametazama kando. Humlamba masikio na uso. Kisha hulala katikati ya kundi. Na kondoo waliozaliwa wakimkuta zizini hawamwogopi, humruka tu kama warukavyo gogo. Uhusiano huo ni wa pande mbili: yeye amewajua wao, nao wamemjua yeye.

Majuma yasiyorudi

Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walitoa kitabu juu ya kazi yao ya miaka mingi ya kulea watoto wa mbwa katika jimbo la Maine. Waligundua kwamba tangu juma la tatu hivi hata juma la kumi na mbili hivi, moyo wa mtoto wa mbwa uko wazi. Yeyote akutanaye naye kila siku katika majuma hayo, awe mtu, mbwa, kondoo au paka, humwandika katika hesabu ya jamaa zake. Baada ya hapo mlango huanza kufungwa, na kila kigeni huwa cha kuogopwa au cha kufukuzwa.

Jaribio jingine lilitangazwa mwaka 1961. Watoto wa mbwa walilelewa ndani ya uwanja wenye ua bila kuzoeana na watu, kisha wakatolewa kwa zamu kukaa karibu na mtu. Waliotolewa mapema walizoea upesi. Waliobaki uani hata majuma 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwazoeza ilikuwa taabu kubwa. Tafakari, msomaji: mbwa, ambaye twamwita rafiki wa mtu, asipomwona mtu katika majuma hayo, mtu si rafiki yake.

Ndugu wawili wa tumbo moja

Nami nimeyaona haya hapa nyumbani. Mbwa wangu jike alizaa watoto watano. Madume wawili walifanana hata tuliwatofautisha kwa ncha ya mkia tu. Walipotimiza majuma sita, mmoja, tuliyemwita Tomi, nilimweka katika kibanda cha wanambuzi. Alikula humo, alilala humo, na mimi au mjukuu wangu tulikwenda kumshika kidogo kila siku ili asiwe mgeni kwetu. Ndugu yake alichukuliwa na bwana mmoja wa kijiji chetu mwenye duka la nyama. Huko alilelewa vizuri, alinenepa kuliko Tomi. Lakini mbuzi aliowajua yeye ni wale waliotundikwa, na walio hai aliwaona wakiburutwa tu.

Mwaka ukapita na miezi. Yule bwana akanunua mbuzi, akaona ana mbwa mkubwa, mkali, wa tumbo moja na Tomi, basi akamfungulia ayalinde makundi malishoni. Siku hiyo hiyo wanambuzi wa mama mmoja mjane walipita wakirukaruka, kama ilivyo desturi yao. Mbwa aliangaza, akafukuza, akakamata. Kufumba na kufumbua watatu walikuwa wamekufa, wala hakuwala.

Sitasahau maneno yaliyofuata. Mama yule alisema mbwa ametumwa. Mwenye mbwa alisema mbuzi walikuwa njiani bila mchunga. Jumapili iliyofuata walitoka kanisani kwa milango miwili mbalimbali, na watoto wao wakakatazwa kusalimiana. Ilichukua miezi minne, na safari nyingi za katekista, hata fidia ikalipwa na mikono ikashikwa. Mbwa alikuwa amekwisha kuuawa kwa mkuki siku ile ile. Watu walisema alikuwa na roho mbaya. Mimi nasema hakuwa na roho mbaya. Hakuna aliyepata kumwonyesha kwamba mbuzi ni jamaa.

Na Tomi je? Mwaka ule ule, jioni moja ya masika, mjukuu wangu alirudi na kundi akilia.

“Shikamoo babu. Mbuzi mmoja hayupo, yule mwenye mimba. Na Tomi hayupo.”

“Marahaba. Usilie, mjukuu wangu. Ikiwa wote wawili hawapo, basi wako pamoja.”

Nilisema hivyo kumtuliza, lakini moyoni sikuwa na hakika. Fisi walikwisha kuanza kulia upande wa mtoni. Tukachukua taa, tukaenda. Tulimsikia Tomi kabla hatujamwona, akibweka, akinyamaza, akibweka tena. Tukamkuta amelala chini ya mgunga. Nyuma yake alikuwa mbuzi, na baina yao mtoto aliyezaliwa jioni ile, bado hajakauka, asiyeweza kutembea. Tomi alinyanyuka kutulaki hatua mbili tatu, kisha akarudi mahali pake. Hakuna mtu aliyemfundisha kubaki nyuma na mzazi. Jamaa yake hakuweza kwenda, naye hakwenda.

Vijana wa leo hupenda mbwa wa kupigana, kwa hiyo niongeze neno hapa. Tomi hana nguvu za kumshinda fisi, na fisi ajua. Ulinzi wa mbwa wa mifugo kwa sehemu kubwa si kupigana. Mnyama mkali awindapo ataka kimya na nafasi ya kunyatia. Mbwa akimsogelea kwa kubweka, shauri limeharibika, naye mara nyingi huenda kutafuta chakula mahali pengine. Afadhali mbwa mwenye kelele asiyetoka zizini, kuliko mbwa shujaa anayezurura.

Walivyofanya wengine

Huko Namibia wafugaji walikuwa na desturi ya kuwapiga risasi duma na kuwanasa kwa mitego, kwa sababu ya mbuzi na kondoo wao. Daktari Laurie Marker, mama wa Kimarekani aliyeanzisha huko mfuko wa kuhifadhi duma mwaka 1990, aliona kwamba kuwahubiria watu wenye hasara hakutoshi. Mwaka 1994 akaanza kuwapa mbwa wakubwa wa mifugo wa asili ya Uturuki, wazaliwao na kukulia kando ya mbuzi na kondoo. Hata leo mbwa zaidi ya 600 wamekwisha kutolewa, na wafugaji wengi wamesema hasara zao zimepungua sana. Na mtu asiyepata hasara hana sababu ya kubeba bunduki. Hapa Tanzania nako, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mradi wa kuhifadhi wanyama walao nyama ulileta mbwa wa namna hiyo kwa wafugaji katika miaka ya 2010.

Utaniambia, “Mzee, mbwa wa Uturuki nitampata wapi?” Huna haja naye. Wanavajo wa Marekani huchanganya kondoo na mbuzi wao na mbwa wa kawaida, wa mchanganyiko, kama hawa wetu. Wataalamu waliowatembelea waliandika mwaka 1985 kwamba mbwa hao walikuwa walinzi wazuri, na siri yao kubwa ni kwamba waliwekwa na mifugo tangu wangali wachanga. Nchini Botswana pia mbwa wa kienyeji wameonekana kuifaa kazi hiyo, tena kwa gharama ndogo. Damu ina sehemu yake, sikatai, lakini malezi yana sehemu yake pia, nayo hainunuliwi kwa fedha.

Wala jamaa wa mbwa si lazima awe mbuzi au kondoo. Katika mji wa Warrnambool, kusini mwa Australia, kiko kisiwa kidogo walikokuwa wakizalia mamia ya pengwini, ndege wa baharini wasioruka. Maji yakipungua mbweha walivuka na kuwaua, hata mwaka 2005 ndege hao walikuwa hawafiki kumi. Mfugaji mmoja wa kuku, ambaye mbwa wake wa jamii ya Maremma kutoka Italia walilinda kuku wake vizuri, akatoa shauri: kama mbwa aweza kumlinda kuku, kwa nini asimlinde pengwini? Tangu mwaka 2006 mbwa wakapelekwa kisiwani wakati wa kuzaliana, na katika miaka iliyofuata idadi ya ndege ikapita mia. Lakini mwaka 2017 bahari ilichafuka, mbwa hawakuweza kupelekwa kwa siku kadhaa, mbweha wakavuka tena na kuua wengi sana. Ulinzi haukuwa katika kisiwa. Ulikuwa katika mbwa aliyekuwapo.

Mambo ya kuangalia

Usije ukaenda kumfungia mtoto wa mbwa zizini kesho kisha ukasahau. Mbwa si malaika. Baina ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu hivi hupita ujana wake, hapo hucheza na wanambuzi kwa kuwavuta masikio na kuwakimbiza. Mchezo huo ukiachwa huwa uwindaji. Yataka mtu awepo, amkemee pale pale, wala si jioni wakati amekwisha sahau. Wako wafugaji wanaomfunga mbwa wa umri huo kijiti kinachoning'inia shingoni ili asiweze kukimbia sana.

Kisha mlishe. Mama unayesoma haya, najua nyumba nyingi humpa mbwa ukoko wa ugali siku ukibakia, na siku usipobakia hulala njaa. Mbwa mwenye njaa huacha kundi akaenda majalalani, na huko hujifunza mengine. Chakula chake kiletwe pale mifugo ilipo, apate kujua kwamba kukaa nao kuna faida.

Tena mchanjeni. Mbwa hupeleka kwa wanyama wengine hata magonjwa. Mwaka 1994 homa ya mbwa iliingia Serengeti, na kama theluthi moja ya simba wa huko wakafa. Wataalamu waliielekezea kidole mbwa wa vijiji vya kandokando. Kichaa cha mbwa nacho wote twakijua, nacho huua ng'ombe na mbuzi na watu pia. Mbwa asiyechanjwa aweza kuwa hatari kwa kundi lile lile alilindalo.

Neno la mwisho

Mbwa hakupata sifa nyingi katika Maandiko Matakatifu. Walakini Ayubu katika mateso yake ataja mbwa wa kundi lake, kuonyesha kwamba tajiri yule wa kondoo maelfu hakuchunga bila wao. Na nabii Isaya, alipotaka kuwalaumu viongozi wazembe wa watu wake, aliwafananisha na mbwa mabubu wasioweza kubweka, walalao na kupenda usingizi. Wasikilizaji wake walielewa mara moja, maana kila mmoja alijua hasara ya mbwa wa namna hiyo.

Sisi huku kwetu twamtazama mbwa akiisha kukua, kisha twamhukumu. Akilinda twamsifu, akiua mbuzi twamtafutia mkuki na kumgombeza jirani. Hatuulizi alikuwa wapi alipokuwa na juma la tano, na nani alikuwa karibu naye. Mzazi anayesoma maneno haya huenda atafikiri juu ya viumbe vingine vidogo walio nyumbani mwake, visivyo mbwa. Hilo nakuachia wewe mwenyewe.

Lakini ikiwa una mbwa jike mwenye mimba, nakushauri hivi. Usimtandikie majani nyuma ya jiko, wala kando ya barabara. Mtengenezee mahali pakavu ubavuni mwa zizi, penye ua mwembamba, ili watoto wake wakifumbua macho waone miguu ya mbuzi, na wakivuta pumzi wavute harufu ya zizi. Uwape nafasi ya kuingia humo wakitimiza majuma manne au matano, nawe uwe unawapitia kila siku kwa mkono mpole. Na yule jirani anayetaka mtoto wa kulinda kundi lake, mwambie aje amchukue mapema, katika juma la nane hivi, na amweke zizini siku ile ile amfikishapo.

Anza sasa, kabla hajazaa.